Sikio la Kushoto

Daktari Olgierd, kijana wa watu, mikono baridi,
ananivika vidude masikioni, ananiambia:
bonyeza ukisikia.
Nabonyeza. Nabonyeza tena.
Mashine ameshaizima kitambo. Mimi bado nabonyeza.

"Mlio huo, mama, ulianza lini?"

Novemba, mwaka themanini na tatu, siku ya Alhamisi,
saa nne kasorobo usiku.

Anatabasamu, anadhani namtania.
Faili langu liko wazi mbele yake:
miaka ishirini na sita, kiwanda cha nguo, Łódź,
mitambo mia tatu chini ya paa moja,
na sisi katikati tukisemezana kwa midomo tu, kama samaki.
Kalamu yake imekwisha kuandika *kiwa—*

Ngoja kwanza, baba.

Kiwanda nakijua. Kilichukua magoti yangu,
kikachukua mapafu ya Wiesia.
Sikio hili sikukipa.

Lilikuwa bwalo letu lile lile la chakula,
meza zimesukumwa ukutani, kabichi bado inanuka.
Vijana wanne kutoka Gliwice,
spika zao wamezileta kwa lori la viazi.
Halszka alipata tiketi mbili kwa jozi ya soksi ndefu.
Tulitoka zamu moja kwa moja, pamba kwenye nywele,
miaka kumi na tisa mimi, yeye ishirini,
na kelele zote nilizozijua hadi usiku ule
zilikuwa kelele za kazi.

Mwenye gitaa akapiga. Mara moja tu.
Vijiko vikalia makabatini.

Sikucheza. Nani angeweza kucheza?
Nilisimama kando ya spika ya kushoto,
kifua kikinigongwa kutoka ndani
kama mtu aliyefungiwa chumbani amesikia jina lake.

Wimbo wa tatu, uzi ukakatika.

Hana gitaa la pili. Hana uzi wa akiba.
Akapiga magoti jukwaani akajaribu kuunga,
na sote tukaona: anaunga vibaya.
Basi bwalo zima likanyamaza,
na wanawake mia nne, bila kuambiana,
tukainua mikono hewani tukamfungia:
gumba chini, shahada juu,
kitanzi, pitisha, vuta.
Fundo la mfumaji. Vidole vyenyewe vilikuwa vikienda,
kama vilivyokwenda usingizini, kama vilivyokwenda kanisani.

Akainua macho. Akatuona.
Sijui aliona nini.

Halszka hakungoja. Alikanyaga meza, akapanda,
akamnyang'anya ule uzi.
Waya si pamba; ukamchana kidole.
Akanyonya damu, akafunga, akakaza kwa meno,
akamrudishia bila hata kumtazama usoni,
kama mtu anayerudisha chenji.

Na yule kijana akapiga.

Haikuwa sauti safi, daktari.
Ilikuwa na kilema, ilikuwa na fundo ndani yake,
ikaniingia hapa, kushoto,
ikaona pazuri, ikakaa.

Bwalo siku hizi linauza viatu.
Wiesia alitangulia. Halszka tumemzika Machi,
udongo bado una barafu, wachimbaji wakilalamika.
Wale vijana sikuwasikia tena popote.

Waliosema sikio la kufa halisikii dawa
hawakulijua langu. Halifi,
na dawa hailitaki.

Daktari anakohoa. Ananiambia taratibu
kwamba ukiandikwa "kiwanda" kuna fidia.
Kiasi gani?
Anataja.
Si haba. Ni makaa ya baridi nzima, na viatu juu yake.

Haya, andika kiwanda.
Andika kwa herufi kubwa, piga na mhuri,
pesa nitazila.
Ila hicho kidude cha kuuzima mlio
kirudishe kwenye droo, mwanangu.
Halszka hajamaliza kukaza.