Sekunde Thelathini

Kwenye kompyuta yangu programu-jalizi inakimbia
kama mbuzi aliyekata kamba.
Miti elfu moja mia moja na arobaini,
kila mtufaha na jina lake, mwaka wake, picha yake,
yote inaingia kabla sijameza funda la pili la kahawa.
Kwenye seva ya kupanga
inafika mti wa mia nne na kumi na mbili,
halafu kimya.
Ukurasa mweupe.
Mweupe kama Viljandi hapo dirishani,
Februari, theluji imemeza hata baiskeli ya Kaur.

Niliulaumu msimbo wangu kwanza, ndiyo adabu ya kazi.
Nikahesabu mabano. Nikafuta koma, nikairudisha.
Nikaushuku mti wenyewe, ule wa mia nne na kumi na mbili,
Suislepa, uliopandwa 1931 nyuma ya shule;
nikauondoa orodhani.
Safari hii ikafa kwenye mia nne na tisa.
Nikaurudisha, kwa aibu.

Daftari la hitilafu? Limefungwa, kifurushi hakiruhusu.
Kuongeza muda? Niliandika mstari, seva ikausoma,
ikaupita kama mtu anayedaiwa.
Kumbukumbu: megabaiti sitini na nne.
Nilicheka peke yangu. Sitini na nne,
kwa chama cha wazee wanaokumbuka
baridi ya mwaka gani iliua mti gani.

Nikampigia Heino, mweka hazina.
"Kuna kifurushi cha euro tisa."
"Hiki cha tatu kina nini?"
"Kinachoka baada ya nusu dakika."
Nilisikia redio yake, matokeo ya mbio za thelujini.
"Leelo, hii ni miti, si benki."

Kuna kupanga na kupanga:
kupanga vitu vikae sawa,
na kupanga kwa mtu, ulipe, unyamaze,
swichi ya taa iko nje ya mlango
na mwenye nyumba ana saa mkononi.

Huduma kwa wateja walijibu mara tatu,
jibu lile lile, hata kosa la tahajia lile lile.
Mara ya nne, saa nane usiku, akajibu mtu:
"Kukuongezea siwezi, sina funguo.
Ila hizo sekunde huanza upya kila ukibisha hodi.
Pirjo, zamu ya usiku."

Kila ukibisha hodi.

Nikaufungua mzigo.
Beba miti hamsini, toka,
andika mahali ulipofikia,
hodi tena.
Bandu bandu.
Hamsini. Mia. Mia na hamsini.
Kwenye mia nne nilishika ukingo wa meza.
Suislepa ukapita na picha yake,
ngazi imeegemea tawi, aliyepanda haonekani,
ni viatu tu.

Dakika mbili na kitu, gogo likaisha.
Nikahesabu: elfu moja mia moja arobaini na mmoja.
Mahali fulani, kati ya kutoka na kuingia,
mti mmoja umebeba mara mbili:
Antonovka, ya Heino mwenyewe.

Nitaurekebisha kesho.
Au nimwachie.
Euro tatu, na mti wa nyongeza.