Karani wa Korti Namba Tatu

Miaka kumi na minne nimemwitia kesi
Hakimu Naliaka, hapa Makadara,
mapazia ya kijani yamepauka upande wa jua.
Mashine ya kurekodi ilikufa mwaka wa pili;
akaandika ushahidi wote kwa mkono,
shahidi akikimbiza maneno anaambiwa, "Polepole,
kalamu yangu si farasi."

Mwezi jana nilimwona kwenye runinga ya kibandani,
mbele ya tume, glasi ya maji haijaguswa.
Wakamuuliza mali. Akataja shamba la Kimilili,
gari, deni la chama.
Wakamuuliza hukumu zake ngapi zilitenguliwa kwenye rufaa.
"Kumi na moja. Tisa walizitengua kwa haki."
Na mbili?
Mwenye kibanda akaacha kukaanga.
"Mbili bado nabishana nazo usiku."

Ijumaa akaapishwa Ikulu, joho jipya,
jina lake likasomwa vibaya, hakusahihisha.
Jumatatu, Milimani: lifti, zulia.

Sisi tumeletewa kijana mwenye kompyuta yake.
Nikipanga kabati nimekuta faili la yule wa mabati,
miezi sita, Viwandani, ikatenguliwa;
sijui ni katika zile tisa ama zile mbili.
Pembeni, kwa wino wa buluu, mwandiko wake:
Nilimwona ana njaa. Mbona sikuandika?

Masjala wanataka mafaili ya zamani yaende ghalani.
Hili nimelisukuma chini ya mto wa kiti.
Kijana anauliza kwa nini kiti kimeinuka.
Namwambia, "Mheshimiwa, utazoea."