Mgonjwa Huulizwa Uji

Miaka thelathini na mmoja nilipima dawa
katika famasi ya pembeni, Tuatapere,
pale mto Waiau unapoharakia baharini
na mvua haiagi: hutoka nje kidogo, ikarudi.
Sasa nimestaafu, napima baruti.
Mzani ni uleule. Miwani imenenepa.

Aprili ya mwaka jana Hoani alinibishia mlango,
bunduki mkononi, uso wa mtu aliyeleta mtoto mwenye homa.
"Ngaire," akasema, "inatawanya."
Akanionyesha karatasi: matundu matano,
kila moja limehama kwao.
Risasi za dukani, boksi jipya, bei ya mwanakondoo.
Nikamwambia za dukani zimeshonwa kwa mwili wa kila mtu,
ndiyo maana hazimkai mtu.

Wasemao mgonjwa haulizwi uji
hawajapata kutibu bunduki.
Hii huulizwa.
Unaiuliza jioni, mezani, redio ikitaja bei ya sufu:
koo lako lina kina gani?
Nikaingiza risasi isiyo na baruti mpaka ikagusa mifuo ya mtutu,
nikapima, nikairudisha nyuma unywele mmoja,
nikaandika daftarini.
Maganda nikayasugua shingo, nikayasawazisha mabega
(kila kiungo chake kina jina la mwili,
hata nikitaka kuichukia siwezi),
fataki nikazikalisha moja moja,
baruti ikashuka kwenye sahani
punje kwa punje, kibano mkononi.
Nikapima. Kisha nikapima tena.

Kupima tena nilijifunza kwa aibu.
Mwaka wa tisa wa kazi, nukta ilinitoroka
katika dawa ya mtoto wa akina Faulknor.
Mama yake aliitazama chupa, akasita, akapiga simu.
Mtoto huyo sasa anaendesha lori la maziwa,
akipita hunipigia honi,
na kila honi mkono wangu unarudi kwenye mzani.

Mei, Juni, hata theluji ikakaa vilimani,
kila Jumamosi niliipeleka malishoni kwa Hoani,
mita mia moja, ubao mbele ya kingo ya udongo.
Nilianza chini, nikapanda kidogo kidogo,
nikikagua uso wa kila fataki iliyolika
usije ukabapa kwa shinikizo,
kama nilivyokuwa nikitazama ndimi za watu.
Wiki ya kwanza: kuku waliotishwa.
Ya tatu: matundu yakaanza kusalimiana, kwa mbali.
Ya tano nikapanda ngazi moja zaidi, yakagombana upya.
Nikashuka nusu ngazi.
Upepo ukalala.
Tatu zilizofuata nilidhani mbili zimepotea.
Nikatembea hadi ubaoni, viatu vizito kwa tope:
tundu moja, lenye masikio mawili.

Sikupiga kelele.
Kondoo walinitazama, nami nikawatazama.

Ya nini yote haya? Mapembe ukutani siyapendi.
Lakini niliwahi kumwona kulungu aliyepigwa vibaya,
akajikokota ndani ya mikangaga hadi giza,
na mbwa wakamkuta asubuhi, bado anapumua.
Dozi pungufu nayo ni ukatili.

Mwaka huu madume yalipoanza kunguruma msituni,
Hoani aliondoka na risasi zangu ishirini,
akarudi na kumi na tisa
na paja la nyuma limeviringishwa gazetini.
Akanywa chai. Akayazungusha maneno kama kijiko.
"Binti yangu, Mereana, amenunua yake.
Aina ileile, kiwanda kilekile, mwaka uleule.
Nipe tu ile karatasi ya vipimo."

Karatasi ilikuwa pale pale, chini ya bakuli la sukari.
Niliifunika kwa kiganja.

"Na mgonjwa mwenyewe," nikamuuliza, "umemwacha wapi?"