Kumi na Saba

Kumi na saba, alisema kocha Jumanne, kofia mkononi.
Tukadhani anahesabu yadi.
Kumi na saba wamelazwa bweni la mashariki,
karatasi nyekundu mlangoni,
mashavu yamewatuna kama wezi wa karanga.

Matumbwitumbwi.
Neno lenyewe linavimba mdomoni.
Ugonjwa wa chekechea umewalaza wanaume
wanaogongana vichwa kama kondoo dume
na kuinuka wakicheka.

Jumamosi tulifungwa arobaini na moja kwa tatu;
nalisema mapema, nisiwaweke roho juu.

Orrin Falls iliipokea habari kila mtu kwa namna yake.
Oftedahl kinyozi aliacha kichwa cha mteja nusu,
akaapa kwamba enzi zake walicheza na mbavu zimevunjika
(alikaa benchi miaka minne, mji mzima unajua).
Kwenye kituo cha petroli walisema ni hila za Brandt,
kwamba kuna mtu alitumwa na chupa moja ya maji
aipitishe midomo yote.
Mchungaji Haugen aliziombea tezi,
ya kulia, na ya kushoto.
Marlys wa benki aliuza tiketi zake kwa nusu bei,
jioni akazinunua tena kwa bei kamili
huku analia, hajui kwa nini.

Mimi? Mimi nilitukana.
Mtu wa zamu ya usiku, duka la dawa la Mtaa wa Tano,
mwenye kiti safu ya kumi na nne tangu nina nywele.
Wiki iliyotangulia namba nane aliponyokwa na mpira
hatua mbili kabla ya mstari;
nikasimama juu ya kiti nikapiga ukelele: Mikono ya mlenda!
Watu wakacheka. Nikarudia.
Na Jumanne nikasema, kha,
hata ugonjwa wa watoto wameshindwa kuukwepa.

Alhamisi, saa saba usiku, simu ikalia.
Sauti ya mama, kutoka Mississippi,
nyuma yake mashine za kufulia zinanguruma.
Mwanangu yuko huko kwenu, alisema. Hawezi kutafuna.
Nimtume nani ampelekee kitu laini?
Kisiwe kichachu, ndimu inamchoma hapa, nyuma ya taya.
Hapa, alisema, kana kwamba ninaona anapopashika.
Anaitwa Tavion. Ana miaka kumi na tisa.
Akiumwa hujikausha; usimwamini akikwambia hajambo.
Unamfahamu?

Namfahamu, nilisema.
Nilimfahamu mgongoni: tarakimu moja, nyeupe.

Nikafunga duka dakika ishirini, kosa la kufukuzwa kazi.
Supu ya maboga. Barafu. Vikopo sita vya kastadi.
Mlinzi akanizuia penye karatasi nyekundu:
hakuna kupokezana, mzee, mkono kwa mkono.
Nikazunguka nyuma, theluji hadi vifundoni,
nikaita jina, si namba.

Dirisha la ghorofa ya pili likafunguka.
Uso ambao kofia yake ya mchezo isingeuenea.
Rusha, alisema, sauti ya mtu mwenye pamba mdomoni.

Nikarusha kopo.
Likagonga ukuta, likazama thelujini.
La pili likanifyatuka vidoleni, likaanguka nyuma yangu.
Tukatazamana.
Mikono ya mlenda, nikasema, nikiinua yangu.

Alinyamaza.
Kumbe alisikia, Jumamosi ile.
Kumbe safu ya kumi na nne si mbali.

Kisha akacheka,
akalishika shavu kwa mkono wa kushoto,
maana kucheka kunauma,
na bado akacheka,
wa kulia ameunyoosha nje kwenye baridi,
vidole wazi,
anangoja la tatu.