Si Huyu

Saa tisa usiku mashine imekoma kuzunguka.
Nachomoa kichupa chake, nakiinua kwenye taa.
Damu nzito kuliko maji, husemwa,
na kweli imezama chini, nyekundu, imejikusanya;
juu yake maji ya rangi ya majani makavu,
maangavu.

Nimeshaona vichupa vyenye ukungu kama maziwa,
vya wanaume wa mkia wa kondoo na vodka ya Ijumaa,
nikajua kabla ya mashine kujua.
Hiki, hapana.
Lehemu iko chini, chini hata ya mstari.
Siku nyingine angepongezwa.

Jina: Enebish. Umri: thelathini na sita.
Kazi: dereva, makaa ya mawe, hadi mpakani.

Hapa Ulaanbaatar jina hilo lina hila yake.
Mama aliyezika wawili
humwita wa tatu Si Huyu,
ili kifo kikipiga hodi
kiulize, kijibiwe,
kiombe radhi, kigeuze.

Jana kilimkuta akifunga minyororo ya magurudumu,
baridi thelathini chini ya sifuri, moshi umelala barabarani.
Alisema "kichwa,"
na neno lililofuata likamponyoka pembeni mwa mdomo
pamoja na mate.
Kwenye picha ya ubongo kuna doa, kubwa kama yai la bata.
Damu ile ile. Kwangu nyekundu,
kule ndani imeonekana nyeupe.

Mkewe, Narmandakh, yuko ukumbini na chupa ya chai.
"Ni mafuta, siyo? Nilimkataza.
Mwaka mzima nimemtolea nyama shahamu kwa kisu,
hadi watoto wakalalamika."
Si mafuta, dada.
Nimwambie nini tena?
Kwamba wako madaktari wanaoshuku
kuwa mafuta yakipungua mno, kuta za mishipa hulegea,
na wako wanaobisha,
nami ni mtu wa vichupa tu?

Namuuliza presha.
Anacheka kidogo, kicheko kibaya.
Ofisini kwao kipimo kilining'inia msumarini,
betri zake zilihamia kwenye redio.
"Presha ni ya wazee," alikuwa akisema,
akinywa bakuli la kumi la chai ya chumvi
ili usingizi usimkute kwenye kona.

Ananimiminia. Nakunywa.
Ina chumvi kama ya mama yangu.

Narudi ndani, nagonga muhuri.
Kawaida. Kawaida. Kawaida.
Kila mstari unamwita kwa jina:
si huyu, si huyu.

Kabla ya zamu kuisha nachukua kipimo cha wadi,
navua koti mkono mmoja.
Nina thelathini na nne, na hakuna anayenitazama.
Mkanda unajaa pumzi, unabana,
unaendelea kubana,
nami nimefumba macho, nasubiri namba.