Hati ya Kiapo

Ukurasa shilingi mia saba, kuchapa na kutoa.
Dukani kwangu, hatua arobaini toka Mahakama ya Mwanzo,
viapo ndivyo vinavyonilipia kodi ya pango:
mimi fulani, mtu mzima, Muislamu, mkazi wa Isevya,
naapa na kusema kama ifuatavyo.
Akija Mkristo nafuta neno moja, naweka jingine.
Kwa asiye na dini ipo "nathibitisha".
Tangu nifungue nimeitumia mara mbili,
na mmoja wao alirudi kesho yake, kabadili mawazo.

Ndipo akaja Mihayo wa Kiloleni, mpima asali,
na madaftari manne yaliyonata nta pembeni.
Riwaya, akasema. Watu wangu wako kwenye sayari
yenye miezi mitatu na isiyo na mvua.
Nikamwambia ukitoa miezi miwili hiyo ni Tabora ya Septemba.
Hakucheka.

Nikachapa. Ukurasa wa tisa, nahodha wa chombo
anakuta mlango wa chuma umeyeyuka, anapayuka:
"Wallahi!"
Vidole vikasimama.
Mihayo, huyu wako kamjulia wapi Mola wetu?
Miaka elfu sita mbele, hana kibla,
hajasikia kengele ya Jumapili.
Akajikuna kisogo. "Basi weka, Kwa miezi mitatu!"
Nikaweka. Ikalala pale karatasini
kama samaki wa plastiki.
Sisi ambao jina letu lenyewe lina mwezi ndani
hatujawahi kuuapia hata huu mmoja.

Mimi si msomi. Ila nimekaa na waapaji miaka kumi na minne.
Anayeapa kwa sauti, shamba si lake.
Mjane wa Ipuli aligusa sakafu yangu kwa kidole,
akakilamba,
na hakimu hakuwepo wala nani hakumtuma.
Halafu lile letu la kila siku, haki ya nani:
nani huyo hatumtaji, tunamkwepa,
tunapita pembeni yake kama nyoka aliyelala.

"Niambie kwanza wanaogopa nini," nikasema.
Garimoshi la Kigoma likapiga honi, akasubiri liishe.
"Vumbi. Vumbi lilifukia kisima cha kwanza."
Nani alikichimba?
"Mwanamke. Jina sijampa."
Usimpe.
Waape kwa Aliyechimba.
Na wahuni wa bandarini wafupishe, waseme "Chimba!"
wakijikwaa, wakipoteza karata,
kwa sababu kiapo kikishikwa na kila mkono huchakaa,
kinabaki kikohozi;
sikiliza sokoni "Mtume!" inavyomtoka muuza nyanya
akiona bei ya mafuta.

Tukaendelea hadi usiku, ukurasa wa thelathini na moja.
Nahodha amepiga magoti kwenye vumbi, anamwapia mdogo wake,
na mimi nimesahau kwamba ni mimi ninayechapa,
umeme ukakatika.
Sijahifadhi.
Kumi na tano za mwisho zimekwenda na maji.
Gizani nikasikia mtu akisema, "Aliyechimba!"
kwa sauti ya mama yangu anapoungua na sufuria.
Ilikuwa sauti yangu.
Mihayo akanyamaza muda mrefu.
Kisha, taratibu, kama aliyeona mgeni mlangoni:
"Mungu wangu."

Nimezichapa upya. Anadaiwa elfu nane.
Alisema Ijumaa. Nikamuuliza, kwa nani?
Akachungulia nje, koti moja tu la wakili barazani,
akainama, akaninong'oneza jina la yule mwanamke,
ambalo halimo katika daftari lolote.
Sitalichapa.
Leo Jumatano.