Kware Hashindani

Waandishi wakija huuliza lile lile:
mbona gari lenye kiuno kama hiki
halijawahi kubandikwa namba mlangoni?
Nawapa chai kwanza.
Huku kwetu Viwandani, Nakuru, chai hunywewa wima,
mkono mmoja juu ya boneti iliyopoa.

Mama alikuwa mfinyanzi, Ilesi.
Hakuwa na gurudumu. Chungu kilitulia chini
na yeye ndiye aliyezunguka, kinyumenyume,
kiganja ndani, kigunzi nje,
mpaka tumbo la udongo likubali.
Nikiwa na miaka sita nilidhani anacheza ngoma.
Leo nachora gari kwa mkaa sakafuni, ukubwa wake kamili,
maana karatasi ndogo huufundisha mkono uongo,
kisha nalizunguka, kinyumenyume,
na vijana wa karakana hucheka wakidhani sioni.

Bati nilifundishwa na Hardial Singh,
mtu wa maneno machache na nyundo nyingi.
"Bati halipigwi," alisema, "linabembelezwa."
Madigadi ya kwanza niliirudia mara kumi na nne.
Ya kumi na tano ikawa mbaya kuliko zote;
nikairudia ya tisa, nikafunga mlango, nikalala.

Jina nalo si la bure. Kware anaweza kuruka,
ila akiona njia nzuri hukimbia kwa miguu.

Aliyetaka mashindano ni mshirika wangu, Gachanja.
"Tukishinda Jumapili moja, Jumatatu kuna foleni hapo nje."
Nikapiga hesabu nyuma ya bahasha:
giaboksi moja ikifia kwenye matope ya Elburgon
ni mshahara wa mafundi wanane, mwezi na nusu.
Hesabu ilikuwa ya kweli.
Haikuwa sababu.

Saa ya mbio ina jicho moja.
Ukiifungulia karakana itakiuliza kila kitu:
wewe umenipunguzia sekunde ngapi?
Itakiuliza kioo cha pembeni, italiuliza zulia,
itakiuliza kile kishimo cha kidole gumba
nilichokichonga kwenye usukani wa mtarakwa,
kisicho na kazi yoyote
ila kukuambia, gizani, kwamba kuna mtu alikufikiria.

Sasa ambalo waandishi sijawaambia.
Nilishindana mara moja.
Gachanja hajui, au anajua na amenyamaza.
Alfajiri, barabara ya Njoro kwenda Mau Narok,
mimi na kijana mmoja wa Subaru, sisi wawili na umande.
Nilimshinda.
Nikazima injini, mikono ikitetemeka,
nikajaribu kuikumbuka ile barabara
ninayoipenda kuliko zote:
ngano mkono wa kushoto,
harufu ya pareto iliyoanikwa,
ule mpindo unaofunguka polepole
kama mtu aliyekubali hatimaye kukuambia siri.
Hakuna. Hata kona moja.
Nilichokuwa nacho ni taa zake kwenye kioo.

Nilirudi kwa njia ile ile, gia ya pili,
madirisha wazi, kuiomba radhi.

Tumeunda thelathini na saba.
Gachanja alikwenda zake na mchoro wake wa bawa la nyuma;
tukikutana sokoni tunasalimiana, tunaulizana watoto.
Namba kumi na mbili ni ya Chelang'at,
mkunga mstaafu wa Bahati. Hulileta kila Desemba.
Mwaka huu nikaona rangi imelika mahali pamoja tu,
ukingo wa juu wa mlango,
pale anapopumzisha kiwiko akiteremka na mitungi ya maziwa.
Nikamwambia nitapaka upya, bila malipo.
Akaniangalia kama niliyetaka kumfutia jina.

Basi nikakipima kile kidoa kwa kiganja,
nikachukua mkaa, nikapiga magoti.
Namba thelathini na nane mlango wake utainama kidogo,
hapo.